Doa la Maziwa Juu ya Meko

Wasikilizaji wangu wa Garissa mjini na wa Madogo ng'ambo ya daraja, wa Balambala, Modogashe na Dadaab, hadi nyinyi wa Wajir na Mandera, leo sina siasa, na bei ya mbuzi wenzangu wameshawasomea asubuhi. Nataka tuongee habari ya meko: lile jiko dogo la gesi linalokaa juu ya mtungi wa kilo 6, pamoja na ndugu yake mkubwa wa vichwa viwili anayewekwa mezani. Hasa nataka tuongee lile doa jeusi linalozunguka kichwa cha jiko, ambalo ukilisugua kwa waya linafifia kidogo, na kesho yake liko palepale.

Katika nyumba zetu doa hilo kwa kawaida lina asili moja, nayo ni chai. Chai yetu ya maziwa, shaah. Kwingineko duniani wako watu wanaopika bia majumbani mwao kwa kujifurahisha tu, nao wana kilio hikihiki: maji ya kimea yakichemka yanatoa povu, povu linapanda, linafurika, na jiko linabaki na gundi nyeusi. Magharibi mwa Kenya wapishi wa pombe ya busaa hukaanga unga uliochachuka juu ya bati, nje, kabla ya kuuchanganya na kimea cha wimbi, kwa hiyo jiko la ndani linasalimika. Sisi wa huku pombe si habari yetu, na sitaki kupigiwa simu na masheikh. Ila kwa upande wa jiko, sufuria ya chai na sufuria ya kimea ni hali moja. Zote mbili zina protini, zote mbili zina sukari, na zote mbili zinamsubiri mpishi ageuke.

Mama zetu hawakuwa na shida hii, na si kwa kuwa walikuwa makini kutuzidi. Walipikia juu ya mafiga matatu, au juu ya jiko la makaa. Maziwa yakifurika yaliangukia jivu, yakanuka kwa muda, yakaisha. Hapakuwa na bamba la chuma la kuyapokea. Gesi ilipoingia tukapata moto usio na moshi, na tukapata pia sehemu pana, tambarare, ya moto, ambayo kila tone likianguka linabaki hapo hadi mtu alishughulikie. Kwa hiyo ujuzi wa kulitoa hatukuurithi kwa bibi. Tunajifunza wenyewe, na wengi tunajifunza vibaya, kwa kutumia nguvu mahali panapotaka subira.

Tuanze na kufurika kwenyewe. Maji matupu yakichemka, viputo vya mvuke vinapanda, vinapasuka, basi. Maziwa yana protini na mafuta, na joto likipanda protini hukusanyika juu zikafanya utando. Mvuke unaotoka chini unakwama. Kila kiputo kinavikwa protini kisipasuke upesi, viputo vinapandana, na sufuria iliyokuwa nusu ghafla imejaa pomoni. Tangu uone ukingo wa maziwa unatetemeka hadi yawe juu ya jiko ni sekunde chache, muda wa kumjibu mtu aliye mlangoni.

Sasa sikilizeni jambo hili, maana ndilo linaloeleza kwa nini doa la jiko ni gumu kuliko utandu wa ndani ya sufuria. Garissa tuko chini, kama mita 150 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu yanachemka karibu kabisa na nyuzi 100. Nairobi, kule juu karibu mita 1,700, yanachemka kwenye nyuzi 94 au 95. Ndani ya sufuria, maadamu maji hayajakauka, joto la chai haliwezi kupita hapo. Lakini tone lililoruka nje likaangukia chuma kando ya moto halina kinga hiyo. Maji yake yanakauka mara moja, na kinachobaki kinapanda hadi nyuzi 200 na zaidi. Maziwa ni yaleyale, mtu ni yuleyule. Kilichobadilika ni joto.

Kuna wanaodhani maziwa ya ngamia hayaunguzi jiko kwa kuwa ni mepesi. Kwa sisi hilo si swali dogo: sensa ya mwaka 2019 ilihesabu ngamia zaidi ya milioni 4 nchini Kenya, na wengi wao wako huku kaskazini. Ni kweli maziwa yao hayana ile protini ya maziwa ya ng'ombe inayoitwa beta-laktoglobulini, na mafuta yake yamo katika chembe ndogo sana, hata malai hayajitengi upesi. Lakini yana kaseini, yana sukari yake ya asili iitwayo laktosi, na juu yake sisi tunamwaga sukari ya dukani kwa mkono usio na huruma. Yakimwagika yanaganda na kuungua vilevile.

Tena yana hila moja ambayo ya ng'ombe hayana. Akina mama wanaoyaleta mjini hufukiza vyombo vyao kwa moshi wa miti kabla ya kukamulia, ili maziwa yasiharibike njiani na yapate ile ladha tunayoipenda. Basi jikoni harufu ya moshi iko tangu asubuhi. Mtu wa Nairobi akisikia harufu ya kuungua anakimbilia jiko. Wa Bulla Iftin hapa mjini anavuta pumzi na kusema, ah, maziwa mazuri haya.

Wako wazee watakaoniambia dawa ya doa ni kuacha kuchemsha, kwamba maziwa ya ngamia yamenywewa mabichi tangu enzi. Hapo siwaungi mkono. Ugonjwa wa brusela hupita katika maziwa mabichi, una homa za kwenda na kurudi na maumivu ya viungo, na ni rahisi mtu kutibiwa malaria wiki nzima kumbe ni maziwa. Chemsheni. Doa linasafishika.

Mkitaka kumwona mtu ambaye hamwagi, msiende kwenye nyumba kubwa. Nendeni stendi ya mabasi alfajiri, au pembeni mwa Soko Mugdi, mkamtazame mama wa chai. Ana sufuria kubwa na upawa wa mpini mrefu. Maji yameshachemka na majani, tangawizi iliyopondwa, iliki na mdalasini kabla maziwa hayajaingia. Maziwa yakishaingia, hakai chini. Anachota, anainua mkono hadi usawa wa bega, anamimina chai irudi ndani kama uzi, anachota tena. Utando haupati nafasi ya kufungamana, na povu linavunjwa lingali dogo. Nilikuwa nasubiri kikombe changu pale, na binti aliyekuwa akimjazia thamosi akamwuliza:

"Habaryar, mkono hauchoki?"

"Abaayo," akamjibu bila kuacha kumimina, "mkono ukichoka naupumzisha usiku. Maziwa yakimwagika, faida ya asubuhi imekwenda, na jioni bado nasugua."

Nyumbani hatuna nidhamu hiyo, na Ramadhani ndiyo msimu wenyewe wa madoa. Saa tisa na nusu usiku mtu ameamka kwa ajili ya daku, jicho moja bado limelala, ameweka maziwa juu ya moto mkali ili awahi, kisha anakwenda kuamsha watoto. Magharibi nako kuna uji, sambusa zinakaangwa, nyama ya nyirinyiri inapashwa kwa mafuta yake, na chai haikosi. Kufikia siku ya Idi jiko lina tabaka juu ya tabaka: sukari ya juzi, mafuta ya jana, maziwa ya leo.

Njia za kuzuia kufurika nitazitaja upesi. Sufuria isijae zaidi ya nusu. Moto upunguzwe maziwa yanapoanza kutoa mvuke, si yanapoanza kupanda. Mwiko wa mbao uliolazwa juu ya mdomo wa sufuria unasaidia kwa dakika ya kwanza, kwa sababu povu likigusa kitu kikavu na baridi linapasuka; ukishalowa na kupata moto ni pambo tu. Kinachofanya kazi kweli ni kisahani kizito kilichopinduliwa ndani ya sufuria, chini kabisa. Mvuke unakusanyika chini yake, unatoka kwa mapigo makubwa badala ya viputo vidogo vidogo, na kisahani kinagongagonga. Hata ukiwa uani utausikia mlio wake.

Haya, lakini leo doa limeshakuwapo. Kabla hujashika waya wowote, litazame rangi.

Likiwa jeupe au la manjano, hayo ni maziwa yaliyokauka tu. Zima gesi, ondoa sufuria, ngoja jiko lifike uvuguvugu, ufute kwa kitambaa kilicholowa. Kazi imekwisha. Msilimwagie jiko la moto maji baridi. Kwa jiko la kioo, kioo kinapasuka, kwa jingine rangi ile ya kung'aa inabanduka, na kwenye meko maji yanaingia katika vitundu vya kichwa cha jiko. Na yule mwenye jiko la makaa lenye udongo ndani na bati nje, lile lililoenea Kenya tangu miaka ya mwanzo ya 1980, udongo wake ukimwagiwa maji baridi ungali mwekundu unapata ufa, na jiko lenye ufa linakula makaa.

Likiwa la kahawia, protini na sukari zimeshikana. Mkemia mmoja Mfaransa, Louis Camille Maillard, alieleza mwaka 1912 jinsi zinavyoungana kwenye joto na kutoa rangi hiyo. Ndiyo rangi ya ganda la mkate na ya nyama ya kuchoma, na ndiyo harufu yake. Juu ya nyama tunailipia pesa. Doa hili halitoki kwa maji peke yake, lakini linalegea mbele ya magadi na muda.

Likiwa jeusi tititi, hayo ni makaa. Hakuna sabuni, siki wala dawa ya tangazo itakayoyayeyusha, kwa sababu kaboni haiyeyuki katika kitu chochote ulicho nacho jikoni. Unachoweza ni kulegeza kile kilicho chini yake, kile cha kahawia kinachoyashikilia kwenye chuma, yabanduke yenyewe. Ndiyo maana nasema kusugua ni kazi ya bure. Unasugua juu, na gundi iko chini.

Ushauri mwingi wa usafi wa jikoni umetungwa na watu wenye mfereji usiokatika. Loweka, suuza, suuza tena. Sisi wengine maji tunayanunua kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni wa punda, na mtu hawezi kumwambia mama wa nyumba amwage mtungi mzima juu ya jiko. Wala haihitajiki. Doa halitaki maji mengi, linataka maji yanayokaa.

Chukua bikaboneti, ile soda ya unga ya pakiti ndogo inayouzwa kila duka, vijiko vitatu. Changanya na maji ya moto kidogo na tone la sabuni ya vyombo, iwe nzito kama uji wa mtoto. Ipake juu ya doa. Kisha lowesha kitambaa, ukikamue kiasi kwamba hakidondoshi, ukilaze juu yake. Hapo joto letu linataka kuharibu kazi: adhuhuri ya Garissa, nyuzi 35 na kupanda, kitambaa kitakauka kabla hujamaliza sala. Zamani tungefunika kwa mfuko wa nailoni. Tangu Agosti 2017 mifuko hiyo imepigwa marufuku, basi funika kwa sinia. Iache hadi alasiri. Ukija, usitumie kisu. Kadi ya benki iliyokwisha muda, au ukingo wa mwiko wa mbao, inatosha. Utaona doa linaondoka kwa vipande, kahawia upande wa chini. Kipande kinachogoma, kirudishie kitambaa, kilale hapo hadi kesho. Kimeshakaa tangu Ramadhani iliyopita, usiku mmoja zaidi hautamuudhi mtu.

Bikaboneti ikichemshwa na maji kabla ya kupakwa inakuwa kali zaidi, kwa sababu moto unaigeuza kuwa kaboneti. Mwenye magadi ya mawe, haya ya kulainishia maharagwe, ana kitu kinachokaribia ukali huo tangu mwanzo. Yanatoka Ziwa Magadi, Kajiado, ambako kampuni ya kuyachimba iliundwa mwaka 1911, na sehemu kubwa yake huenda viwandani, katika kutengenezea vioo na sabuni. Yaponde, yayeyushe katika maji ya moto, upake hivyohivyo. Vaa glavu mkononi, maana ngozi nayo ina mafuta, na magadi hayachagui.

Jivu je? Jivu ni zuri, na wanaolicheka hawajui wanachocheka. Lina potasiamu kaboneti, jamaa wa karibu wa magadi, na chembe zake zinasugua bila kukwangua sana. Lakini lichekeche kwanza, lisiwe na vijiwe wala vipande vya makaa. Siku hizi wengi wetu tunachoma makaa ya mathenge, ule mti wa miiba ulioletwa nchini kuzuia jangwa kisha ukageuka kuwa jangwa lenye majani. Moto wake ni mkali na jivu lake ni laini. Mchanga uacheni. Mchanga ni wa sufuria nzito ya chuma ya harusini. Ukiupitisha juu ya meko unachora mifereji, na maziwa ya kesho yatashika kwenye mifereji hiyo kwa nguvu zaidi. Waya wa kusugulia una kosa hilohilo.

Hapa lazima nitoe onyo kuhusu aluminiamu. Sufuria zetu nyingi ni za aluminiamu, na kofia za vichwa vya majiko ya bei nafuu ni aluminiamu vilevile. Magadi yakikaa juu ya aluminiamu muda mrefu yanaila na kuiachia weusi wa kijivu, na mtu anadhani doa limeongezeka. Vitu hivyo viloweke robo saa katika maji ya moto na sabuni tu, uvisugue kwa dodoki na jivu kidogo, uvisuuze mara moja. Maji ya kuvisuuza si lazima yawe safi kama ya kunywa. Yale uliyosuuzia vikombe yanafaa kabisa.

Kisha kuna mtindo wa kumwaga siki juu ya bikaboneti. Povu linachemka kwa furaha, watu wanarekodi kwa simu. Ni mchezo. Moja ni asidi na nyingine ni alkali, zikikutana zinamalizana, unabaki na maji ya chumvi yasiyofanya lolote. Siki na ndimu zina kazi yake nyingine: zile alama nyeupe, ngumu, zinazoachwa na maji ya kisima yakikaukia juu ya chuma. Hizo magadi hayaziwezi, lakini ndimu iliyokatwa nusu inaziondoa mbele ya macho yako. Kwa hiyo kila moja na zamu yake, na kusuuza katikati.

Na jiki, wapendwa, jiki haina kazi juu ya meko. Inatoa rangi, haitoi mafuta. Ukiichanganya na siki au ndimu inatoa gesi ya klorini, na katika nyumba ya chumba kimoja, mlango umefungwa kwa sababu ya vumbi, gesi hiyo inaweza kumpeleka mtu hospitali. Hali kadhalika dawa zile kali za kusafishia oveni zenye kostiki soda. Zinafanya kazi, sikatai, lakini zinachoma macho na ngozi, na nyumba zetu zina watoto wanaotambaa.

Mpaka hapa tumeongea juu ya bamba, ambalo ni aibu tu mbele ya wageni. Hatari iko vitunduni. Maziwa yakifurika yanaingia katika vile vitundu vidogo vya kichwa cha jiko, yanakaukia humo, na gesi inakosa kuchanganyika vizuri na hewa. Moto wa buluu unakuwa wa manjano, unarukaruka upande mmoja, sufuria inaingia masizi. Watu wanasema, gesi ya siku hizi ni mbovu, wanabadilisha duka. Huenda gesi haina kosa. Moto wa manjano ni gesi isiyoungua kikamilifu; unapoteza gesi uliyoilipia na unatoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ileile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba.

Funga kwanza valvu ya mtungi, ngoja jiko lipoe, kisha vua kichwa. Igonge kofia chini taratibu, makapi yatoke. Kwa kuta za ndani sijaona brashi nzuri kuliko mswaki wetu wa mti uliokwisha kutumika: ncha yake imeshachambuka, ni ngumu kiasi, na unaikata uanze ncha mpya. Vitundu vizibue kimoja kimoja kwa sindano. Kijiti cha meno kitavunjikia humo, na utakuwa umebadilisha shida kwa shida. Ila kile kitundu kimoja kidogo kabisa chini, ambamo gesi yenyewe inatokea, usikichokonoe kwa kitu chochote kinene. Ukikipanua hata kidogo moto hautarudi kuwa sawa, na itabidi ununue kingine. Kofia lazima ikauke kabisa kabla ya kurudi mahali pake. Huku kwetu jua litaifanya kazi hiyo kwa dakika chache, na kwa hilo angalau tuna bahati.

Wakati kofia inakauka, nina neno kwa wanaume wenzangu, na wasizime redio. Tukitazama ni nani anayesugua jiko, mara nyingi ni binti, asubuhi kabla ya shule au jioni kabla ya kushika daftari. Na tukitazama kwa nini maziwa yalimwagika, mara nyingi kuna mtu alimwita. Tumekaa chini ya mti, kikombe cha pili mkononi, tunaita ndani: lete maji, lete mkeka, mwone nani anayebisha. Yeye amesimama mbele ya sufuria inayotetemeka. Aje asije, ana kosa. Mtu akimwita aliye jikoni na maziwa yako motoni, doa ni lake, na kitambaa ni chake. Mimi nyumbani kwangu sheria hiyo imepitishwa, na sikuipitisha mimi.

Turudi kwenye jiko. Ukishaunganisha kila kitu, kofia imekaa sawa bila kuyumba, usikimbilie kiberiti. Paka povu la sabuni pale mpira unapoungana na valvu, au kwa meko, pale kichwa kinapojifunga kwenye mtungi, kisha fungua valvu kidogo. Viputo vikitokea, gesi inavuja. Funga, utoe mtungi nje, usiwashe hata taa, umwite aliyekuuzia. Visipotokea, washa. Moto uwe wa buluu pande zote, wenye sauti ya chini, usioacha alama kwenye sufuria. Kukiwa na upande mmoja bado wa manjano, kuna kitundu umekiruka, na ni afadhali ukizibue sasa jiko lingali halina kitu juu yake kuliko saa ya daku.

Kipindi kijacho, inshallah, nitakuja na habari ya thamosi zinazonuka chai ya wiki iliyopita hata baada ya kuoshwa. Wenye dawa zao, nileteeni.